Jinsi ya kupanga mabeki wanne, na kazi halisi ya namba mbili na namba tatu

Kocha wa timu ya mtaa akifungwa mabao matatu kutoka upande mmoja, jambo la kwanza analofanya ni kumtoa namba mbili, beki wa kulia. Wiki inayofuata timu inafungwa tena upande uleule, na lawama zinamwangukia namba mbili mpya. Mara nyingi kosa liko kwenye umbali: namba mbili amesimama mita 15 kutoka kwa namba nne, beki wa kati, kiungo wa upande huo hajarudi, na winga wa wapinzani ana uchochoro wa kupita kati yao bila kuguswa na mtu. Hapo hata beki mwenye mbio kali atashindwa.

Maelezo haya ni ya timu za shule na za mitaa, kuanzia Kaptembwo ya Nakuru hadi Kondele ya Kisumu na Amalemba ya Kakamega, zinazocheza na mabeki wanne, iwe kwa 4-4-2 au 4-3-3 (mabeki, viungo, washambuliaji). Kulia ni namba mbili, kushoto namba tatu, katikati namba nne na tano, na mbele yao namba sita, kiungo mkabaji. Vipimo ni vya wachezaji wa miaka 16 kwenda juu.

Anza kwa kupima uwanja

Sheria inaruhusu uwanja wa upana wa mita 45 hadi 90, na tofauti hiyo hubadilisha kazi yote ya beki wa pembeni. Afraha (Nakuru), Bukhungu (Kakamega) au ule wa Mamboleo (Kisumu) ni viwanja vyenye nafasi kubwa pembeni. Uwanja wa shule uliobanwa kati ya madarasa na ua wa miti unaweza kuwa na mita 50 tu. Fika mapema, tembea kutoka mstari hadi mstari kwa hatua ndefu za karibu mita moja, kisha hesabu.

Kisanduku cha hatari kikichorwa sawasawa kina upana wa mita 40.32. Kwa hiyo kwenye uwanja wa mita 64, kati ya ukingo wa kisanduku na mstari wa pembeni kuna karibu mita 12. Kwenye uwanja wa mita 50 hazifiki tano. Uwanja mwembamba unamruhusu namba mbili asimame kwenye ukingo wa kisanduku na bado amfikie winga kwa hatua nne. Uwanja mpana unamlazimisha atoke, na akitoka ni lazima mtu ajaze alipotoka. Ukijua hilo kabla ya mechi, unajua kama winga wako mwenyewe atahitajika kurudi kila mara au mara mojamoja.

Usiamini mistari iliyochorwa kwa jivu au vumbi la mbao kwa kukadiria. Kisanduku kinapaswa kutoka mita 16.5 mbele ya mstari wa goli. Kama kimechorwa kwa mita 14, mabeki wanaojipanga kwa kukitazama watasimama karibu mno na kipa wao bila kujua. Angalia pia ni upande gani wenye tope. Kakamega mvua ikinyesha mchana, kona moja ya uwanja hubaki dimbwi hadi jioni, na winga wa upande huo atalazimika kuingia ndani. Mwambie beki wako hivyo kabla hajaingia uwanjani.

Wanne husogea pamoja

Mpira ukiwa katikati ya uwanja kwa wapinzani, mabeki wanne wasimame wamebanana: mita 8 kati ya kila mmoja na mwenzake, 10 zikizidi sana. Hiyo ina maana kwamba wanne wote wanafunika kama mita 24 hadi 30 za upana, na pembeni kote kunabaki wazi. Kuna wachezaji wanaoogopa hilo, hasa mabeki wa pembeni waliozoeshwa kumfuata winga hadi kwenye mstari. Waeleze sababu. Njia fupi ya kwenda golini inapita katikati. Pasi ya juu ya mita 40 kwenda kwa winga aliye peke yake hukaa hewani zaidi ya sekunde mbili, kisha winga anahitaji muda wa kuituliza, tena kwenye uwanja wenye mashimo. Beki anayeanza kukimbia mpira unapoondoka mguuni atakuwa ameshafika.

Sasa mpira uende kwa winga wao, upande wa namba tatu. Namba tatu anatoka kumkabili. Namba tano anateleza naye hadi abaki mita 8 hadi 10 kutoka kwake, na wakati huohuo anakuwa nyuma yake kwa mita 3 hivi, ili namba tatu akipitwa, yeye akutane na mpira. Namba nne anafuata kwa umbali uleule, sawa na namba tano. Namba mbili anaingia ndani hadi kwenye mstari wa kufikirika unaounganisha magoli mawili.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Namba mbili anaona winga wake amebaki peke yake kule mbali na moyo hautulii, kwa hiyo anabaki nje mita 10 zaidi ya inavyotakiwa. Straika wa wapinzani hujiingiza katika pengo hilo kati ya namba nne na namba mbili, na pasi moja ya mshazari inammaliza kipa. Beki wa upande usio na mpira ana kazi ngumu kuliko aliye na mpira mbele yake, kwa sababu anapaswa kuacha mtu anayemwona ili kulinda nafasi ambayo haina mtu bado.

Mpira ukikaribia mstari wa goli, mpango hubadilika kidogo. Namba tano hawezi tena kumfuata namba tatu hadi pembeni, kwani akifanya hivyo mlingoti wa karibu unabaki bila mtu. Anasimama mbele ya mlingoti huo, mita 5 hivi kutoka golini, namba nne anasimama mbele ya katikati ya goli, na namba mbili analinda mlingoti wa mbali. Pengo linalofunguka kati ya namba tatu na namba tano linajazwa na namba sita. Kama namba sita wako hana tabia ya kurudi hapo, pasi ya kurudisha nyuma kutoka kwenye mstari wa goli itawafunga kila wiki, haijalishi mabeki wako ni akina nani.

Kupanda na kushuka

Mabeki wanne hawaamui kupanda au kushuka kwa kutazama washambuliaji. Wanatazama mwenye mpira. Akiwa ameinua kichwa, amegeukia goli lenu na hakuna mtu ndani ya mita 2 zake, mpira huo uko wazi: mstari ushuke kabla hajapiga, mabeki wakiwa wamegeuza mwili upande na wala si kurudi kinyumenyume kwa visigino. Akiwa amewapa mgongo, au amepiga pasi ya nyuma, au amebanwa, mpira umefungwa: mstari upande mita 4 au 5 pamoja, na usimame mara anapojiandaa kupiga. Ukifika kwenye ukingo wa kisanduku, usishuke zaidi mpaka mpira uwe umeingia pembeni kabisa ya kisanduku.

Kuhusu kuotea (offside), yaani mshambuliaji kuwa karibu na goli lenu kuliko mpira na beki wa mwisho, mambo matatu yanatosha. Mchezaji huhesabiwa pale mwenzake anapoucheza mpira, si pale anapoupokea. Akiwa nusu ya uwanja wake mwenyewe hawezi kuotea. Na hakuna kuotea kwenye mpira wa kurusha, goli kiki wala kona, kwa hiyo timu inayopandisha mstari wakati wa mpira wa kurusha inajifungulia mlango.

Mtego wa kuotea, yaani mabeki kupanda pamoja ili straika aachwe ameotea, huvunjwa karibu kila mara na beki wa pembeni wa upande wa mbali. Wenzake watatu wamepanda, yeye amechelewa mita moja, na mita hiyo inamhalalisha straika aliye upande wa pili kabisa wa uwanja. Hakuona kwa sababu alikuwa anatazama mpira tu. Mfundishe kutupa jicho ndani kila mpira unapohama mguu mmoja kwenda mwingine, na kujipanga kwa kumtazama namba nne. Kwenye mechi nyingi za kwetu mshika kibendera ni mtu wa kujitolea, pengine hajafuata mstari vizuri. Hapo usicheze mtego kabisa. Tumia mstari kwa ajili ya kubana nafasi, na mabeki wakimbie hadi filimbi isikike.

Hewa nayo ina neno lake. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu 1,130, na kwenye hewa nyepesi ya Nakuru mpira mrefu hukata masafa zaidi. Timu inayotoka Kisumu kwenda Nakuru ianze na mstari ulioshuka hatua chache na kipa aliyetoka nje zaidi, mpaka mabeki wazoee mpira unavyoangukia. Kisumu, upepo wa alasiri unatoka ziwani. Kipindi mnachoupokea usoni, mpira wa wapinzani utapita vichwa vya mabeki waliopanda mno.

Beki mmoja kwa winga mmoja

Hapa ndipo beki wa pembeni anapojulikana. Kazi huanza kabla winga hajapokea. Pasi ikiwa njiani, kimbia kwa nguvu zote, kwa sababu huo ndio muda pekee ambao winga hawezi kukufanya lolote. Zikibaki mita 3, punguza kwa hatua fupifupi. Beki anayefika kwa kasi ileile hupitwa kwa mguso mmoja, na hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote kwa vijana wenye mbio.

Simama mita moja na nusu hadi mbili mbele yake. Mguu mmoja mbele, magoti yamekunjwa, uzito kwenye vidole, mwili umegeuka upande. Usisimame umemkabili kifua kwa kifua na miguu sambamba. Hiyo inamwalika apige tobo, na kugeuka kutoka hapo kunachukua hatua mbili unazozihitaji. Macho kwenye mpira. Mabega na kiuno cha winga vinadanganya, mpira haudanganyi.

Mguu upi uwe mbele? Inategemea unataka aende wapi, na uamuzi huo ufanywe na timu kabla ya mechi. Winga anayetumia mguu wa upande wake, mpeleke nje: mguu wako wa ndani uwe mbele ili njia ya katikati ifungwe, kisha mstari wa pembeni ukusaidie kumkaba. Winga wa kulia anayetumia kushoto ni hatari akiingia ndani kupiga shuti, kwa hiyo huyo naye mpeleke nje, akakrosi kwa mguu asioupenda. Wakati pekee wa kumpeleka ndani ni pale ana mbio zinazokushinda wazi, na namba sita yuko karibu, anamsubiri.

Usiteleze kuuchukua mpira ila kama ni lazima. Beki aliyelala chini ametoka kwenye mchezo kwa sekunde mbili au tatu, na ndani ya kisanduku anaweza kuacha penalti. Subiri winga auguse mpira kwa nguvu kupita kiasi, au ainamishe kichwa, au kiungo wako afike kuwa wa pili. Kumchelewesha kwa sekunde nne ni ushindi, kwani ndani ya muda huo wenzako wanne au watano wanakuwa wamerudi.

Uwanja ukiwa na tope, ongeza umbali hadi mita mbili na nusu. Utelezi humwadhibu anayebadilisha mwelekeo ghafla, na mara nyingi huyo ni beki, kwa sababu winga ndiye anayejua anakoenda. Njumu za meno marefu zinasaidia. Kwenye ardhi ngumu na vumbi la Januari meno hayo hayashiki na yanaumiza vifundo.

Winga akijiandaa kukrosi, songea hadi mita moja na uweke mguu kwenye njia ya mpira. Usigeuze mgongo: anayegeuza mgongo haoni winga akighairi na kukata ndani. Mikono iwe nyuma ya mwili, maana mkono uliotanuka ukiguswa na krosi ndani ya kisanduku ni penalti.

Beki wao akipanda na kumzunguka winga kwa nje, sasa ni wawili kwa mmoja. Usikimbilie yeyote. Rudi nyuma kwa mshazari kuelekea mlingoti wa karibu, ukiwa katikati ya wawili hao, ukiwalazimisha wapige pasi moja zaidi. Kiungo wako akifika, wewe chukua aliye nje, yeye achukue mwenye mpira. Waliokubaliana hilo mazoezini hawana haja ya kubishana uwanjani.

Mlingoti wa mbali

Krosi inayopita vichwa vya mabeki wa kati na kumkuta winga wa upande wa pili akiwa peke yake ni bao linalotokana na kosa la beki wa pembeni wa mbali. Alikuwa ndani kama alivyopaswa, ila alikuwa anautazama mpira huku mtu wake yuko nyuma ya mgongo wake. Dawa ni mwili: asimame nusu wazi, bega moja kuelekea mpira na jingine kuelekea uwanja, ili aone vyote viwili kwa kugeuza shingo tu. Awe kati ya mtu wake na goli, na karibu kiasi cha kumgusa kwa mkono. Krosi ikipigwa, yeye aende kwenye mpira kwanza, asiruke akiwa amesimama palepale. Kama hawezi kuufikia kwa usalama, autoe kona. Kuushusha kwa kifua mbele ya goli ni kukaribisha msiba.

Akibanwa, anaweza kumrudishia kipa, ila tangu sheria ya 1992 kipa haruhusiwi kushika kwa mikono mpira aliopigiwa makusudi kwa mguu na mwenzake. Pasi hiyo ipigwe nje ya milingoti, upande wa mguu mzuri wa kipa. Ikimponyoka inakuwa kona, haiwi bao.

Lini beki wa pembeni apande

Brazil ya 1958, na mpango wake wa 4-2-4, iliuonyesha ulimwengu kwamba beki wa pembeni ni silaha: Nilton Santos, beki wa kushoto, alifunga dhidi ya Austria kwenye mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia la mwaka huo. Baada yake alikuja Giacinto Facchetti wa Inter, na 1970 Carlos Alberto, beki wa kulia, akafunga bao la nne la fainali dhidi ya Italia. Kwetu, Eric Ouma, aliyechezea Gor Mahia kabla ya kwenda Ulaya, aliitwa Marcelo kwa sababu ya namna alivyopanda kushoto. Vijana wengi wanaiga kupanda huko. Wanachokosa kuiga ni hesabu iliyo nyuma yake.

Hesabu ni hii: wapinzani wakiacha washambuliaji wawili mbele, ninyi mbaki watatu nyuma. Wakiacha mmoja, mbaki wawili na namba sita mbele yao. Namba mbili akipanda, namba tatu anaingia ndani kuwa beki wa tatu. Wote wawili wanaweza kupanda pamoja ikiwa tu namba sita ameshuka kati ya namba nne na tano. Kwa timu inayofanya mazoezi siku mbili kwa wiki, ushauri wetu ni mmoja apande, mmoja abaki.

Muda wa kupanda ni pale winga wako ana mpira, amegeukia goli, na beki wao amemsogelea. Mzunguke kwa nje kwa mbio za kweli, mita 3 kutoka kwake, ili beki wao alazimike kuchagua. Usianze kabla winga hajautuliza mpira. Akipokonywa wakati wewe umeshampita, kuna mita 50 nyuma yako bila mtu. Na ukizunguka usipewe pasi, umefanya kazi bado, kwa kuwa umemvuta mtu mmoja.

Winga wako akipenda kukaa kwenye mstari, beki anaweza kupita kwa ndani badala ya nje, kati ya beki wao wa pembeni na beki wao wa kati. Ipo pia njia iliyojulikana zaidi Pep Guardiola alipomtumia Philipp Lahm pale Bayern: beki wa pembeni anaingia kati kuwa kiungo wakati timu ina mpira. Inamfaa beki mwenye pasi nzuri na anayetazama huku na huku kila mara. Faida yake kubwa ni kwamba mpira ukipotea, tayari yuko katikati kuzuia kaunta, yaani shambulio la haraka la wapinzani. Hasara ni kwamba akipokonywa hapo, wapinzani wako mita 30 kutoka golini kwenu, na kwenye uwanja wenye matuta mpira hukimbia mguu mara nyingi. Usiijaribu kwenye uwanja wa Sudi, Bungoma, siku mvua imenyesha.

Mpira ukipotea beki akiwa juu, hatua mbili tu: kama yuko ndani ya mita 5 za mpira, ambane mwenye nao papo hapo kwa sekunde tatu nne. Kama yuko mbali zaidi, arudi mbio kwa njia iliyonyooka kuelekea mlingoti wake wa karibu, asimfuate winga pembeni. Anayefuata mpira kwa kuzunguka hufika baada ya bao.

Mazoezi matatu

La kwanza ni la kamba. Nunua mita 27 za kamba ya katani kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ukate vipande vitatu vya mita 9. Mabeki wanne wasimame kwenye mstari, kila wawili wakishika ncha za kipande kimoja mkononi. Wasijifunge kiunoni, mtu akianguka atawavuta wenzake. Kocha na wachezaji watano wapitishiane mpira mbele yao kutoka mstari mmoja wa pembeni hadi mwingine, na mabeki wateleze. Kamba ikiburuzika chini sana, wamebanana mno. Ikivutika hadi mkono unyooke, kuna pengo. Dakika 10 zinatosha, kisha wafanye vilevile bila kamba kwa dakika 5. Angalia mkono wa namba mbili mpira ukiwa kwa namba tatu: utanyooka, kwa sababu ndiye anayegoma kuingia ndani. Mwache ajisikie mwenyewe akivutwa.

La pili ni la mmoja kwa mmoja. Panga koni nne, mita 10 upana na 20 urefu, kando ya mstari halisi wa pembeni. Winga anapokea pasi ya mita 15 upande mmoja, beki anaanzia mita 8 mbele yake. Winga akivuka mstari wa mwisho na mpira anapata alama moja. Beki akiuchukua anapata moja, na akimzuia kwa sekunde tano bila kupitwa anapata moja pia. Alama hiyo ya sekunde tano ndiyo inayowafundisha subira. Mizunguko sita kwa kila beki, na mapumziko ya sekunde 40 katikati. Akichoka kabisa atajifunza makosa.

La tatu, nusu uwanja: washambuliaji sita dhidi ya mabeki wanne, namba sita na kipa, dakika 20. Ukiona pengo, piga filimbi, wote wagande pale walipo, kisha mwite mchezaji mmoja apime pengo kwa hatua mbele ya wenzake. Mchezaji akihesabu mwenyewe 14 mahali alipodhani ni 8, hutahitaji kuhubiri.

Kwa mazoezi hayo chagueni maneno matano ya kuitana na msiyabadilishe: toka, ngoja, ndani, panda, shuka. Kipa na namba nne ndio wa kuyatamka, kwa kuwa wanaona uwanja wote. Beki wa pembeni anayepiga kelele muda wote anapoteza pumzi anayoihitaji.

Mkibaki kumi

Kadi nyekundu ikitoka, mtoe mshambuliaji, msiguse safu ya nyuma. Jipangeni 4-4-1, mabeki wa pembeni waingie ndani hadi upana wa kisanduku na wasipande tena ila kwa mpira wa kurusha. Waachieni wapinzani pembeni. Krosi kutoka mbali ni rahisi kuzuia kuliko pasi ya kupenya. Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, walicheza kipindi chote cha pili dhidi ya Morocco wakiwa kumi, Kasarani, Agosti 10, 2025, kwenye CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, wakalilinda bao la Ryan Ogam la dakika ya 42 hadi mwisho.

Kuna jambo kocha hulisahau siku kama hiyo, na hata siku za kawaida zenye joto la Kisumu la saa tisa alasiri: beki wa pembeni anayepanda na kurudi huwa miongoni mwa wanaokimbia zaidi uwanjani. Tazama mikono yake kuanzia dakika ya 60. Akianza kuishika kiunoni kila mchezo unaposimama, au akirudi kwa kutembea baada ya krosi, mwambie abaki nyuma kwa dakika tano huku mwingine akijinyoosha, kisha mbadilishe. Anayeingia apewe maelekezo mawili tu: winga anatumia mguu upi, na nani anamfunika.